Kesi za Dhuluma za Kingono Mombasa: Mwongozo Kamili kwa Wakili Anayeanza

Mawakili wengi wanaoapishwa kila mwaka hutamani ardhi, meli au kampuni. Kesi za unajisi, yaani kumwingilia mtoto, na za ubakaji huachiwa wale waliokosa pa kwenda, kisha watu wanashangaa kwa nini zinaanguka. Mwongozo huu ni kwa yule aliyeamua kuzifanya kwa hiari, awe upande wa mashtaka, wa utetezi au wa mwathiriwa. Tangu mwanzo nikwambie ninachoamini: katika kesi hizi wakili hashindi wala hashindwi kwa ufasaha wake mbele ya hakimu. Nyingi huwa zimeamuliwa tayari hospitalini, kwenye meza ya polisi, sebuleni kwa wazee, na katika lugha ya maswali unayomuuliza mtoto.

Hatua ya kwanza: jua njia yenyewe

Nchini Uingereza kuna wakili wa kusimama kortini na wakili wa ofisini, na kila mmoja ana kazi yake. Kenya hatuna mgawanyo huo. Ukishapata shahada ya sheria, ukapita katika Chuo cha Sheria cha Kenya kule Karen, ukafaulu mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria, ukamaliza miezi 6 ya mafunzo chini ya wakili mzoefu na ukaapishwa mbele ya Jaji Mkuu, unaruhusiwa kufanya yote mawili. Cheti cha kufanya kazi hulipiwa upya kila mwaka.

La muhimu ni mahali utakapofanyia ile miezi 6. Usiende ofisi yenye zulia zuri. Tafuta mahali ambapo kila wiki utakaa kortini hadi uchoke. Kuna njia tatu. Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma itakupa mafaili mengi kuliko unavyoweza kuyasoma, lakini utajifunza upesi. Mashirika kama FIDA Kenya (la mawakili wanawake) na Kituo cha Sheria (la msaada wa sheria), yote yenye ofisi Mombasa, yatakufundisha kukaa na mwathiriwa na familia yake. Ofisi ya mawakili wa utetezi itakufundisha kitu ambacho wenzako wa mashtaka huchelewa kukijua, yaani ni wapi kesi huvuja. Kwangu mimi, anayeweza kupita pande mbili kabla ya kutulia atakuwa wakili bora kuliko aliyekaa upande mmoja maisha yake yote.

Hatua ya pili: soma sheria chache, uzisome vizuri

Kitabu chako cha kila siku ni Sheria ya Makosa ya Kingono, nambari 3 ya 2006. Mswada wake uliletwa bungeni na Njoki Ndung'u, wakati huo mbunge wa kuteuliwa, leo jaji wa Mahakama ya Juu. Kifungu cha 3 kinahusu ubakaji, na adhabu yake haipungui miaka 10. Cha 8 kinahusu unajisi, na hapo umri wa mtoto ndio unaopanga adhabu: miaka 11 kushuka chini ni kifungo cha maisha, 12 hadi 15 ni miaka isiyopungua 20, na 16 hadi 18 ni isiyopungua 15. Kulikuwa na ubishi mrefu iwapo hakimu anaweza kushuka chini ya hapo. Julai 2024 Mahakama ya Juu iliufunga mlango huo na kusema viwango vya chini vya sheria hii ni halali na lazima vifuatwe.

Kwa hiyo umri si jambo dogo la kujazia fomu. Tofauti ya mwaka mmoja ni tofauti ya miaka mingi gerezani. Ukiwa upande wa mashtaka, uliza cheti cha kuzaliwa siku ya kwanza. Kisipokuwepo, tafuta kadi ya kliniki, rekodi za shule, mama aliyezaa, na mwishowe daktari wa kupima umri. Ukiwa upande wa utetezi, hapo ndipo pa kuanzia kuchimba, kwa sababu unajisi una nguzo tatu tu: umri, kuingiliwa, na ni nani aliyefanya.

Ongeza kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi. Kinasema korti inaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mwathiriwa peke yake, mradi hakimu aandike sababu za kumwamini. Neno la kushika hapo ni «aandike». Hukumu nyingi hubomolewa Mahakama Kuu kwa sababu hakimu aliamini bila kuonyesha kwa nini. Mwishoni mwa kesi, mpe sababu hizo katika maandishi yako, moja baada ya nyingine, ukitaja ukurasa wa rekodi.

Usisahau pia maamuzi yaliyotolewa hapa hapa. Mahakama ya Rufaa ikiketi Mombasa ilisema mwaka 2006 kwamba kukosekana kwa ushahidi wa daktari hakuui kesi ya ubakaji, na mwaka 2012, katika rufaa ya mtu aliyetajwa kwa herufi AML tu, kwamba unajisi huthibitishwa kwa ushahidi, si kwa kipimo cha DNA. Kila mwezi utamsikia wakili wa utetezi akiuliza «DNA iko wapi?» kana kwamba amefungua siri. Jibu liko katika rufaa hiyo.

Hatua ya tatu: fuata karatasi kabla hujamfuata shahidi

Mwathiriwa akija kwako mapema, habari ya sheria isubiri. Saa 72 ndizo za kupata dawa za kuzuia virusi vya ukimwi, na saa 120 ni za kuzuia mimba. Mpeleke Hospitali ya Rufaa ya Pwani, kwenye kituo cha kuwahudumia waliodhulumiwa. Asioge, asifue, na nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi ya kaki, si wa plastiki, maana plastiki hufungia unyevu na ushahidi huoza. Polisi watafuata. Hakuna sheria inayosema lazima upite kituoni kwanza ndipo utibiwe, ingawa utawakuta wahudumu wanaoamini hivyo.

Karatasi unazozitaka ni tatu: nambari ya OB, yaani daftari la matukio la kituo cha polisi, fomu ya PRC inayojazwa na mhudumu wa afya anayempima mwathiriwa, na P3, fomu ya polisi ya ripoti ya daktari. Watu hudhani P3 ndiyo kila kitu. Mara nyingi hujazwa siku kadhaa baadaye na mtu ambaye hakumwona mgonjwa usiku ule, akinakili kutoka PRC. Zilinganishe mstari kwa mstari. Tarehe zikipishana, mpelelezi aeleze mapema, kabla utetezi haujaelezea kwa niaba yake. Daktari akihamishwa, na huhamishwa, mwenzake anayeujua mwandiko wake anaweza kuileta ripoti kortini, lakini kiongozi wa mashtaka lazima aombe na aeleze sababu.

Neno moja kuhusu kizinda. Bado kuna ripoti zinazoandikwa kana kwamba ndicho kipimo cha yote. Sheria inasema hata kuingiliwa kidogo kunatosha, na mtoto anaweza kupimwa asionekane na jeraha lolote ilhali amedhulumiwa. Mwulize daktari hivyo kizimbani, kwa maneno mepesi, ili ijibiwe kwenye rekodi.

Hatua ya nne: jua korti utakayokwenda

Mwaka 2022 Jaji Mkuu Martha Koome alifungua Shanzu korti maalum ya kesi za dhuluma za kingono na kijinsia, ya kwanza nchini. Kesi nyingine bado zinasikilizwa katika korti kuu za Mombasa, na zinazomhusu mtoto kama mshtakiwa huelekea korti ya watoto ya Tononoka. Nenda ukakae Shanzu kabla hujawa na faili huko. Tazama shahidi anaingilia mlango gani, ndugu za mshtakiwa wanakaa wapi, na choo kiko upande upi.

Mambo haya yanaonekana madogo hadi umfikirie mtoto wa Likoni. Anapanda feri alfajiri na mama yake, kisha matatu mbili mpaka Shanzu. Watu wa upande wa mshtakiwa wanatoka mtaa uleule, wanapanda feri ileile. Kufikia saa tatu asubuhi ameshatazamwa kwa jicho baya njia nzima, hajala, na kesi inaitwa saa tano. Kisha inaahirishwa. Panga usafiri tofauti ukiweza, mwombe karani faili iitwe mapema, na mama abebe chakula. Mtoto mwenye njaa hujibu «sijui» kwa kila swali ili aachwe aende.

Hatua ya tano: omba ulinzi wa kifungu cha 31

Hapa ndipo mawakili wengi hulala. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Makosa ya Kingono kinairuhusu korti kutangaza kwamba shahidi anahitaji ulinzi: mwathiriwa mwenyewe, mtoto, au mtu mwenye ulemavu wa akili. Baada ya hapo hakimu anaweza kuamuru shahidi atoe ushahidi nyuma ya pazia au kisanduku, watu watolewe nje, jina lisichapishwe, au awekwe mtu wa kati wa kumsaidia.

Huyo mtu wa kati ana kazi tatu za maana: kumfikishia shahidi maana ya swali, kuijulisha korti kwamba shahidi amechoka au amelemewa, na kuomba mapumziko. Anaweza kuwa mzazi, jamaa, mshauri nasaha, afisa wa watoto au mtu wa ustawi wa jamii. Mimi simpendekezi mama. Karibu kila mara mama naye ni shahidi, na utetezi utasema amemlisha mtoto maneno. Mtafute afisa wa watoto au mshauri aliyemhudumia. Na kumbuka sheria inakataza kumfunga mtu kwa maneno ya mtu wa kati pekee yasiyoungwa mkono na kingine.

Ombi hilo lifanywe siku ya kutajwa kwa kesi, si asubuhi ambayo mtoto ameshasimama kizimbani analia. Waingereza wana utaratibu mzuri hapa: kabla shahidi hajaja, hakimu na mawakili wa pande zote hukaa wakakubaliana maswali yatakuwaje, yatachukua muda gani, na mapumziko ni lini. Sheria yao ya 1999 huruhusu hata maswali ya utetezi yarekodiwe kabla ya kesi. Sisi hatujafika huko, ila hakuna kinachomzuia wakili wa Mombasa kusimama na kusema, «Mheshimiwa, naomba tukubaliane namna mtoto huyu atakavyoulizwa.» Mahakimu wengi hukubali wakiombwa.

Kwa mtoto mdogo, hakimu atamhoji kwanza kujua kama anaelewa maana ya kiapo na ya kusema kweli. Mahojiano hayo yaandikwe swali kwa jibu. Yakirukwa, Mahakama ya Rufaa imesema si lazima kesi ife, lakini kwa nini uiweke rufaa mkononi mwa mwenzako?

Hatua ya sita: jifunze kuuliza kwa Kiswahili

Nakawia hapa kwa sababu hapa ndipo Pwani ina mambo yake ambayo kitabu cha Nairobi hakikufundishi.

Mtoto anasema kwa Kiswahili, Kigiriama au Kidigo, mkalimani anatafsiri, hakimu anaandika kwa Kiingereza. Katika safari hiyo vitu vitatu hupotea. Cha kwanza ni saa. Mtoto akisema «saa moja usiku», kuna siku utakuta kwenye taarifa ya polisi imeandikwa saa saba za usiku. Saa 6 nzima zimepotea, na mshtakiwa ana mashahidi wa kuthibitisha alikuwa amelala. Uliza kwa alama zake: ilikuwa kabla ya adhana ya magharibi au baada? Mlikuwa mmekula? Taa zilikuwa zimewashwa?

Cha pili ni jamaa. Mtoto husema «baba» akimaanisha ndugu mdogo wa babake. «Babu» anaweza kuwa jirani mzee. «Mjomba», «ami», «kaka», kila mmoja ana mlango wake kisheria, maana kama ni ndugu wa damu wa kiwango fulani, shtaka linaweza kuwa la maharimu, yaani ndugu kumwingilia ndugu, chini ya kifungu cha 20. Mwambie aonyeshe kwa kusema anaishi nyumba ipi, ni mume wa nani, analala chumba gani.

Cha tatu ni nani alimfanyia nani. «Alinishika, akatoka, akamwita» kwa Kiswahili haisemi kama ni mwanamume au mwanamke, na mkalimani atachagua mwenyewe. Taja majina kila mara.

Kisha kuna «alinifanyia tabia mbaya». Kila mtoto wa Pwani husema hivyo, na kila wakili wa utetezi husimama kusema si ushahidi wa kuingiliwa. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilieleza kwamba watoto huona haya na korti zetu zimekuwa zikikubali maneno ya staha kama hayo. Hata hivyo usiishie hapo. Mwulize alitumia nini, alikiweka wapi, nguo zilikuwa wapi, alihisi nini. Mpe mchoro au mwanasesere aonyeshe kwa kidole, na umwombe hakimu aandike alichoonyesha. Asilazimishwe kutaja asichoweza kukitaja kwa mdomo.

Kuhusu umbo la swali: jambo moja kwa swali moja. Usiseme «Si kweli kwamba hukumwambia mama yako siku ile kuwa ulikuwa umeenda dukani?» Mtu mzima mwenyewe hapati jibu la hilo. Sema «Siku ile ulienda dukani?» Subiri. «Ulimwambia mama?» Subiri tena. Kimya cha mtoto si uongo, na mara nyingi jibu la kweli huja baada yake. Usimwite «shahidi», mwite kwa jina ambalo nyumbani anaitwa. Vaa suti yako, ila koti liache mlangoni kama hakimu ataruhusu.

Hatua ya saba: ukiwa wakili wa utetezi

Kuna wanaodhani wakili mwenye heshima hamtetei mshukiwa wa unajisi. Upuuzi. Katika gereza la Shimo la Tewa kuna vijana wa miaka 19 waliokuwa na wapenzi wa 17, kuna waliotajwa kwa sababu ya ugomvi wa shamba, na kuna wenye hatia. Wote wana haki ya kutetewa, na mshtakiwa asiye na wakili ndiye hugeuka na kumhoji mtoto mwenyewe, ana kwa ana. Hakuna jambo baya zaidi kwa mtoto huyo. Wakili mzuri wa utetezi humlinda hata shahidi bila kutaka.

Shughulikia nguzo zile tatu. Usiguse historia ya mapenzi ya mlalamishi: kifungu cha 34 kinakataza bila idhini ya korti, na ukijaribu kuipitishia mlango wa nyuma hakimu atakuchukia. Utetezi wa kifungu cha 8, kwamba mtoto alimdanganya mshtakiwa kuwa ana zaidi ya miaka 18, naye akaamini kwa sababu za msingi, upo, lakini hautoki katika «alikuwa na mwili mkubwa». Onyesha alichoambiwa, alichokiuliza na hatua alizochukua. Uamuzi wa Mahakama Kuu ya Malindi wa 2016 ulimwachilia mtu kwa sababu msichana wa miaka 13 eti alijibeba kama mtu mzima. Ulilaaniwa hadi nje ya nchi. Simwoni wakili makini akiuegemea leo.

Kama unasimama kwa niaba ya mwathiriwa, Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014 inakupa nafasi, na Mahakama ya Juu ilifafanua mwaka 2020 kwamba una haki ya kusikilizwa lakini wewe si kiongozi wa pili wa mashtaka. Omba ruhusa, pitisha maswali yako kwa kiongozi wa mashtaka, na andika maoni yako. Ukigombania kiti chake, mtaiangusha kesi nyote wawili.

Hatua ya nane: sebule ya wazee

Baada ya mtoto kutoa taarifa, shinikizo huanza. Wazee wanakaa, mbuzi na pesa vinatajwa, au wanasema «aibu itatufika, bora amwoe». Anayesema hivyo mwambie waziwazi: Sheria ya Ndoa ya 2014 imeweka umri wa chini kuwa miaka 18 kwa dini zote. Mapatano ya nyumbani hayafuti kosa la jinai, na chini ya kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Kingono uamuzi wa kusimamisha mashtaka si wa familia.

Lakini usiwahubirie. Mama anayekuja na kusema «wakili, tumesamehe» mara nyingi analipiwa kodi na yule anayemsamehe. Tafuta anayemlisha. Mpigie simu kila wiki mbili, si siku ya kesi pekee. Mpe nambari 116 ya watoto na 1195 ya dhuluma za kijinsia, na umjulishe afisa wa watoto. Shahidi akitishwa, kuna Wakala wa Ulinzi wa Mashahidi, na ombi hilo lipitie kwa kiongozi wa mashtaka mapema. Kumwombea mama wa mtoto hati ya kukamatwa kwa sababu hakuja kortini kuwe mwisho kabisa wa orodha yako.

Kuna adui mwingine wa polepole: uhamisho. Hakimu akihamishwa katikati ya kesi, mshtakiwa ana haki chini ya kifungu cha 200 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai kuomba mashahidi warudi. Mtoto aliyekwisha kusema mara moja hutakiwa kusema tena baada ya mwaka. Pinga kwa kuonyesha rekodi ni kamili na inasomeka, na umwombe hakimu mpya aendelee pale mwenzake alipoishia.

Hatua ya tisa: wewe mwenyewe, na siku ya hukumu

Malipo ni madogo na huchelewa. Changanya na kazi nyingine, la sivyo utaacha baada ya miaka miwili. Na usilale na picha za faili kwenye simu yako. Zungumza na mshauri nasaha kama unavyowaambia wateja wafanye. Mawakili hatupendi kulisikia hilo.

Kabla ya adhabu kutolewa, mwathiriwa ana haki ya kueleza dhuluma ile ilimfanyia nini. Mwandalie taarifa fupi kwa maneno yake, si yako. Mshtakiwa akiachiliwa, usimwache mtoto aisikie habari hiyo kwenye korido: mwambie mama kabla kwamba inaweza kutokea, na umweleze kuwa rufaa ina siku 14. Muda huo unamhusu pia mfungwa, kwa hiyo ukiwa upande wa utetezi omba nakala ya rekodi siku hiyohiyo, kabla karani hajafunga. Hati za asili, hasa cheti cha kuzaliwa, zidai zirudishwe kwa familia kesi ikiisha kabisa, maana mtoto atakihitaji shuleni.